Mpira wa Pampu na Uji wa Mtoto: Mada juu ya Matengenezo ya Visima vya Kwale



Nimetakiwa na wenye semina hii nieleze mchango wa miradi ya kimataifa katika maji, usafi na lishe ya watoto, nami nimeitika kwa taadhima. Istilahi sitazikawilia, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini ameshazitumia kazini miaka mingi: maji salama ni yasiyomdhuru anayeyanywa, usafi ni choo kinachotumika na mikono inayooshwa kwa sabuni, udumavu ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, na zile siku 1000 ni tangu mimba kutunga hata mtoto kutimiza miaka miwili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imekwisha kuyahesabu maji safi, usafi na chakula kuwa haki ya kila mtu, na hapo pasiwe na hoja.

Ninalotaka kulikalia ni pampu iliyokufa.

Wazee wa kazi hii watakumbuka kwamba katika ule Muongo wa Maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990, Kwale yetu ilikuwa mahali pa majaribio, ambapo pampu ya mkono iitwayo Afridev, iliyoanzia Malawi, ilitiwa visimani, ikafunguliwa, ikarekebishwa, hata ikawa kama tuijuavyo leo. Kusudi lake lilikuwa la hekima: badala ya mabomba mazito ya chuma yaliyohitaji lori na kikosi cha mafundi kutoka mjini, nayo aghalabu yakiliwa na kutu, ipatikane pampu ambayo mwanamke wa kijijini, kwa spana moja na msaada wa jirani zake, ataifungua, atavivuta vyuma vyake, atabadilisha mpira uliolika, na kabla ya adhuhuri maji yatoke. Pampu hiyo imeenea mbali katika bara la Afrika, nasi tuna haki ya kuionea fahari. Walakini tulitimiza nusu tu ya shauri. Tulimfundisha mwanamke kubadilisha mpira, bila ya kumwekea pahala pa kuununua.

Kiangazi kimoja nilifika katika kijiji cha bara ya kaunti hii, nikaikuta pampu imefungwa mnyororo. Mama mwenyekiti wa kamati ya kisima alifungua pindo la leso yake akatoa kijipira cheusi, duara, kisichojaa kiganja, kimelika upande mmoja hata kimekuwa chembamba kama ganda la kitunguu, akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho kilichotunyima maji miezi minne." Spana alikuwa nayo, mafunzo alikuwa nayo, na fedha za kamati zilikuwamo katika kopo, zimehesabiwa na kuandikwa, kilichokosekana ni duka. Mradi uliochimba kisima ulikuwa umekwisha muda wake, na ghala ya vipuri ilifungwa siku moja na ofisi. Nilipoiandikia idara iliyohusika, nilijibiwa kwamba kisima hicho kimo katika orodha ya visima vilivyokamilika, kwa hivyo hakina fungu la fedha mwaka huo. Simlaumu aliyeandika jibu, maadamu alifuata kanuni aliyopewa, nailaumu kanuni.

Nyumbani kwa mama yule palikuwa na mjukuu wa miezi kumi. Mama yake mtoto alitoka alfajiri kwenda bwawani, akarudi jua limekwisha kupanda, na kwa kuwa maji yalikuwa ndoo moja, uji wa mahindi ulipikwa mara moja, ukafunikwa, ukanyweshwa hadi magharibi, na mikono ikafutwa kwa kitambaa. Katika kitabu cha kliniki cha mtoto, mstari wa uzito ulipanda vizuri hata mwezi wa saba wa umri wake, kisha ukalala. Sitadai kwamba kijipira kile peke yake ndicho kilichoulaza; nadai kwamba kilikuwamo.

Wako watakaonikumbusha utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 kutoka Bungoma, Kakamega na Vihiga, ambao ulionyesha kwamba dawa ya maji, vyoo na kunawa mikono havikuongeza kimo cha watoto, na kwamba pale palipotolewa nasaha na nyongeza ya lishe ndipo pakaonekana nafuu, nayo ndogo. Utafiti huo nauheshimu. Lakini dawa ilitiwa katika maji yale yale yaliyotekwa pale pale; mama hakupunguziwa mwendo wala hakuongezewa ndoo. Utafiti huo ni hoja ya kutaka zaidi, si ya kuacha.

Ya kwamba pampu iliyokufa ina dawa, tumeliona Kyuso, Kitui, mwaka 2013: vyombo vidogo vilitiwa katika mikono ya pampu, vikapeleka habari kwa njia ya simu, na mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo wakaitika, hata muda wa kungoja matengenezo ukashuka kutoka karibu mwezi mmoja hadi chini ya siku tatu.

Mapendekezo yangu, basi, ni haya. Hesabu ya mradi iwe ya siku ambazo maji yalitoka, si ya visima vilivyozinduliwa. Kila mkataba na mfadhili utenge fedha za vipuri za miaka isiyopungua kumi, wala zisiguswe kwa sherehe wala magari. Neno "kilichokamilika" liondolewe katika orodha za visima, kwa kuwa ndilo linalowanyima watu fungu. Maafisa wa lishe wapewe habari za pampu zilizosimama, ili wajue ni vijiji gani vya kupimwa watoto kwanza. Na maafisa wa maji waonyeshwe vile vitabu vya kliniki. Mafundi wa kudumu waajiriwe kwa mfano wa Kyuso, kwa ada ndogo ya kamati na nyongeza ya kaunti. Kadhalika, na hili nimekwisha kulisema ila sharti nilirudie, vipuri vya Afridev viuzwe katika duka lililo karibu, kuanzia na mipira, kwa bei iliyoandikwa ukutani, na duka hilo liwe wazi siku ya gulio, ambapo kina mama wa kamati hushuka na fedha zao.