Hotuba juu ya Kuchagua Meza ya Snuka Iliyo Imara



Nimetakiwa kusema machache juu ya swali ambalo baadhi yenu mmekwisha kuliuliza: mtu akitaka kuweka meza ya snuka nyumbani kwake, aitambueje iliyo njema? Mchezo huu ulianzia Bara Hindi mwaka 1875, kati ya maofisa wa jeshi la Kiingereza waliokuwa Jabalpur. Siku hizi vijana wetu huufuata mchezo wa jamii hii jioni sokoni, na mzazi huona afadhali wachezee nyumbani, machoni pake. Shauri hilo ni jema, ila fedha ya nyumba haina budi kutumiwa kwa akili.

Kwanza, pimeni chumba kabla ya kupima meza. Meza kamili ina uwanja wa mita 3.57 kwa 1.78, na mchezaji anahitaji kama mita moja na nusu kila upande ili aivute fimbo. Basi chumba kisipungue mita 6.6 kwa 4.8. Tena uzito wake hupita kilo 1,000, nayo sakafu ya udongo hudidimia. Kwa nyumba zetu nyingi, meza ya futi 6 au 7 yatosha.

Pili, inameni mtazame chini yake. Meza njema ina bamba la jiwe chini ya kitambaa, jiwe la namna ile ya vibao ambavyo wazee wetu waliandikia shuleni. Jiwe hilo halipindiki kwa hali ya hewa. Lakini ubao wa unga wa mti uliogandishwa kwa gundi hupinda kwa joto la Kibwezi na unyevu wa mvua za Novemba. Muuzaji akiwakataza kutazama chini, ondokeni.

Tatu, fikirini miguu. Mti wetu wa mukau hutoa mbao ngumu ambazo mchwa hawazili upesi. Fundi wa kwetu aweza kuitengeneza vema, mradi mbao zimekauka sawasawa.

Nne, wekeni pimamaji juu ya meza, kisha sukumeni mpira polepole, kwenda na kurudi. Ukielemea ukuta ule ule mara zote mbili, meza haikukaa sawa. Ugongeni pia ukingoni. Ukirudi kwa uvivu, raba ya ukingo imechakaa.

Mwisho, wazee wangu, cha rahisi ni ghali, lakini cha ghali kilichonunuliwa kwa ada ya mtoto ni ghali zaidi. Ada ilipwe kwanza, na chakula kiwemo ghalani. Na siku meza itakapoingia nyumbani, kamari ibaki nje ya mlango. La sivyo tutakuwa tumeleta ugomvi, wala si mchezo.