Tukifika Nyawera

  

Kule Bukavu, mtaani Nyawera, kuna mnara wa kumkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Huko Nyawera ndiko askari walikomuua, tarehe 29 Oktoba 1996. Siku zile wakubwa wengi walikuwa wamekimbia mji. Yeye alibaki na watu.

Wazazi, mkipita hapo na watoto, watauliza: "Nani alimuua?" Semeni ukweli, lakini msiishie hapo. Mtoto anayefundishwa jina la adui tu atarudi nyumbani na deni la damu. Mwambieni pia mzee huyu alimtetea nani. Alikuwa Mushi, lakini tangu 1994 aliwatetea wakimbizi wa Rwanda, watu wasio wa kabila lake. Tena aliwakemea askari wa Zaire waliopora raia.

Machefu, aliyekimbia vita akibisha hodi kwenu, msianze kumuuliza kabila. Muulizeni kwanza kama watoto wamekula. Hapo mtakuwa mmeuheshimu mnara ule, hata kama hamjafika Nyawera.

Amani kwenu.