Mzee na Usukani: Uamuzi wa Kuacha Kuendesha Gari

 

Swali la leo huulizwa majumbani kwa sauti ya chini, aghalabu mwenyewe akiwa hayupo: je, baba aendelee kuendesha gari? Napenda tulirudishe kwa mwenye usukani, kwa kuwa uamuzi ni wake.

Umri peke yake si kipimo. Wako wenye miaka 75 waendeshao kwa utulivu kuwashinda wajukuu wao. Nchini Uingereza leseni hukoma dereva atimizapo miaka 70, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 3. Na kila dereva, mzee kwa kijana, hutakiwa aweze kusoma namba ya gari lililo mita 20 mbele yake mchana, kwa miwani ikiwa huivaa. Kipimo hicho mwaweza kujifanyia hapa kwetu, mbele ya nyumba.

Hata hivyo, jicho lina hila. Mtoto wa jicho hutawanya mwanga wa taa za gari lijalo usiku. Huo hutibika kwa upasuaji, na wengi hurejea barabarani. Presha ya macho ni ya kuogopwa zaidi, maana hula uoni wa pembeni polepole pasipo maumivu, hata mwenda kwa miguu akaonekana kama aliyezuka ardhini. Dawa nazo ziulizieni kabla ya kuzilipia: baadhi ya dawa za mafua, za mzio na za usingizi humwacha mtu akisinzia hadi asubuhi ya pili.

Si lazima kuacha kwa siku moja. Mwaweza kuanza kwa kuacha safari za usiku, kisha za mvua, kisha barabara kuu.

Kabla ya kukabidhi funguo, pigeni hesabu. Andikeni gharama za mwezi: mafuta, matengenezo, matairi, na bima ya mwaka iliyogawanywa kwa 12. Linganisheni na nauli ya teksi au bajaji. Atokaye mara mbili kwa wiki huenda akagundua kuwa gari lamla kuliko limsaidiavyo. Kwa aishiye mbali na njia ya daladala hesabu ni nyingine kabisa. Kwake kuacha gari kwaweza kuwa kuacha kliniki. Hapo familia ndiyo ijibu: nani atampeleka, siku gani, kwa fedha ya nani? Binti asemaye, “Baba, tutakupeleka,” na aitaje siku.

Nanyi watoto, msifiche funguo. Mzee akinyang’anywa gari kwa hila hatawaeleza tena kwamba jana hakuiona bodaboda.

Mkiamua kuliuza, mkataba uandikwe, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA bila kuchelewa. Mnunuzi akiondoka na gari lililo bado kwa jina lenu, likitokea la kutokea, atakayetafutwa kwanza ni mwenye jina.