JICHO LILILOUMIA HALINGOJI KESHO

(Maneno ya mwanachama mwenzetu kwenye mkutano wa ushirika, Mashewa, kabla ya kuvuna mahindi)



Mahindi yamekauka, kazi ya kuvuna imefika. Ndiyo maana nimeomba nizungumze habari ya macho.

Jicho langu hili la kushoto wote mnalijua. Wengine husema ati nilirogwa. Si kweli, ni jani la muhindi tu. Lilinichapa asubuhi, nikalifikicha, nikaendelea kuvuna. Jioni nikatiwa maji ya majani. Kesho yake nikataka kwenda Korogwe, nauli sina. Siku ya nne ndipo nikapanda gari, jicho limeshajaa usaha. Madaktari walijitahidi, maumivu yakaisha, lakini kovu jeupe likabaki mbele ya mboni. Sasa kwa jicho hili naona mwanga na kivuli, basi.

Hebu tuelewane. Mbele ya mboni pana kioo, madaktari hukiita konea. Mchubuko mdogo wa kioo hicho kwa kawaida hupona kwa siku chache bila alama, vijidudu visipoingia. Vikiingia huwa kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu.

Huko Nepal, wahudumu wa afya wa vijijini waliwatia watu wenye michubuko dawa ya mafuta ya kloramfenikoli, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliotibiwa kabla ya saa 18 kupita walikuwa 284: hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliotibiwa kati ya saa 18 na 24, walipata 4 katika 109. Waliovuka siku moja, 14 katika 49. Dawa ni ile ile, ndugu zangu. Kilichowatenga ni saa.

Na hapa Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 uliwatazama wagonjwa 103 wenye vidonda vya konea. Robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Siwadharau wazee wetu. Lakini maji ya majani yana vijidudu, na mengine huunguza.

Basi tushike haya:

1. Jani au mchanga: usifikiche. Osha kwa maji safi, uende zahanati siku ile ile. Usitie matone yaliyobaki kwa jirani.

2. Mate ya swila, chokaa au dawa ya kupulizia mimea: osha papo hapo kwa maji mengi, robo saa au zaidi, ndipo uende.

3. Mwiba wa mkonge au kipande cha chuma kikitoboa jicho: usichomoe, usioshe, usibonyeze. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, uende hospitali mara moja. Hutokea, ingawa mara chache, kwamba jicho lililotobolewa huliponza na lile zima.

4. Mtoto akiumia, msimpige, maana kesho ataficha. Na hata akipona, arudishwe apimwe. Jicho la mtoto mdogo lisipoona vizuri, ubongo huzoea kutolitumia.

Na aliyekwisha kupoteza jicho moja asikate tamaa. Mimi miezi ya kwanza nilikuwa nikimimina chai nje ya kikombe, watoto wanacheka. Siku hizi nagusisha birika kwenye ukingo kwanza, na njiani nageuza kichwa kutazama upande wa kushoto. Nalima kama zamani. Ila hili moja nalilinda kama mbegu ya mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni moja. Mfuko wa ushirika umkopeshe nauli mwanachama aliyeumia jicho, siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao. Atalipa akiuza mahindi. Mimi sikukosa dawa. Nilikosa nauli.