Daftari letu linalala wapi?

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wamemba, Lushebere, teritware ya Masisi

 

Komite iliniomba niongee juu ya telefone na mitandao. Nafikiri wengi wanangoja niwafundishe aplikasio mpya. Nitataja mbili ao tatu, lakini swali lenye nimeleta leo ni hili: daftari letu linalala wapi? Majina ya familia zenye zilirudi, mipaka ya mashamba yao, namba za telefone, mchango wa kila mwezi, nani ni mjane, nani analea yatima: vyote hivyo leo viko ndani ya kikundi kimoja cha WhatsApp. Funguo za nyumba ile ziko kwa nani?

Tuanze na kitu chenye tunajua. Mama yeyote wa AVEC anajua sanduku. Lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mwingine. Hakuna mtu anaweza kulifungua peke yake. Tena kila kikundi kina sanduku lake: likiibiwa la hapa, la Masisi-centre halijaguswa. CARE ilianzisha njia hii Niger mwaka wa 1991, na leo imeenea Afrika nzima bila tajiri mmoja wa kushika masanduku yote. Mama akihamia Sake, anaingia katika AVEC ya kule na anajua namna inatembea, juu kanuni ni moja.

Mitandao mikubwa haijengwi hivyo. Ile ni sawa na kuweka masanduku yote ya dunia katika depo moja yenye mlango mmoja. Facebook ilinunua WhatsApp mwaka wa 2014 kwa dola bilioni 19, na leo Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja, Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021, mafundi wa kampuni walipokuwa wanafanya kazi ya kawaida, kosa moja lilizima zote tatu karibu saa sita, dunia nzima. Mtu wa Goma alikwama, wa Nairobi alikwama, wa Paris vilevile.

Sisemi WhatsApp ni kitu kibaya. Tangu 2016 ujumbe wake unafungwa njiani, hata kampuni haisomi maneno yetu. Inatupatia habari ya ndugu wenye walibaki Goma, Kampala ao Nakivale. Lakini kwa mtu mwenye amerudi kijijini, hatari haiko njiani tu. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni mlango wa kikundi. Mnajua namna inakuwaga: watu wanakimbia, telefone inapotea, namba inakaa miezi bila kuwekwa uniti, halafu kampuni ya simu inaiuzia mtu mwingine. Yule mtu mpya akifungua WhatsApp na ile namba, anaweza kujikuta ndani ya vikundi vya mwenye namba wa kwanza. Na kama administratere alikuwa mmoja tu, na hayupo tena, nani atamtoa?

Ya pili ni telefone yenyewe. Mahali penye telefone inafunguliwa kwa nguvu, ujumbe kufungwa njiani hausaidii kitu. Mwenye kushika ile telefone anasoma kila kitu: orodha, sauti, picha za mashamba, na nani alisema nini juu ya nani.

Ya tatu ni malalamiko yenye hayafiki. Mwezi wa Novemba 2021, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia huko Ethiopia, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Bahir Dar. Mbele ya kifo chake, watu waliweka kwenye Facebook picha yake na maneno ya kumshitaki, na kuonyesha mahali alipoishi. Mtoto wake anasema aliomba kampuni iyaondoe na hakusikilizwa kwa wakati. Mwezi wa Disemba 2022 alipeleka Meta katika Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi. Tufikiri vizuri: jina, picha na fasi ya kukaa, vitu vitatu tu. Daftari letu lina vyote vitatu kwa kila familia, tena pamoja na shamba lenye linagombaniwa. Na mtu wa kupokea malalamiko yetu kule mbali, atajua tusi la Kihunde ao la Kinyarwanda linajificha katika neno gani?

Kwa hiyo watu wengi duniani wamejenga mitandao isiyo na bwana mmoja. Si jambo geni. Leo mtu wa Airtel anapigia mtu wa Vodacom ao wa Orange, na hakuna mwenye anashangaa. Barua pepe iko vilevile: mwenye Gmail anaandikia mwenye Yahoo. Lakini mtu mwenye yuko Facebook hawezi kuandikia mtu mwenye yuko TikTok. Mwaka wa 2016 kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa programu inaitwa Mastodon. Shirika, chuo ao kijiji kinaweza kuweka seva yake, kusema komputa yenye inatunza maneno ya wamemba, na kutunga sheria zake. Seva zile zinaongea kati yao kwa lugha moja inaitwa ActivityPub, yenye ilikubaliwa kama kanuni ya wote mwezi wa Januari 2018. Ni sanduku la AVEC kabisa: kila kikundi na sanduku lake, kanuni moja ya kuelewana.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwezi wa Oktoba 2022 Elon Musk alinunua Twitter, na watu wengi sana walihamia Mastodon. Miezi michache nyuma, sehemu kubwa yao ilirudi kule walitoka. Sisi tunaelewa kisa hicho kuliko mafundi. Mtu harudi mahali juu ya nyumba nzuri, anarudi penye jirani yuko, soko liko, na mtoto anapata masomo. Tukiwaambia leo wamemba wote watoke WhatsApp, tutabaki watu kumi tukisalimiana wenyewe, na mama mwenye mtoto wake yuko Nakivale atarudi WhatsApp siku ileile. Atakuwa na haki.

Tena mtandao wako ni sawa na shamba lako: ni wewe mwenyewe unapalilia. Seva inaomba pesa, umeme, na mtu wa zamu mwenye anaijua kazi. Maneno ya chuki yakiingia, hakuna kampuni ya kulaumu. Ni komite itayaondoa, ao yatakaa.

Hata hivyo, karibu yetu kuna watu wenye walijaribu. Kaskazini ya Uganda, mwaka wa 2007, wakati Waacholi wengi walikuwa bado katika kambi za wakimbizi wa ndani, Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha kazi inaitwa BOSCO. Waliweka komputa zenye kutumia umeme kidogo wa jua, na antena zenye kuunganisha kambi moja na nyingine, watu wakaanza kuandikiana na kusikilizana. Walipoanza kurudi vijijini, kazi iliendelea. Na hapa kwetu, kwenye kisiwa cha Idjwi katikati ya ziwa Kivu, wenyeji walipata mtandao wao unaitwa Pamoja Net, wenye mawimbi yake yalivuka juu ya maji. Katika visa vyote viwili, kitu cha kwanza hakikuwa mashine. Kulikuwa na mamlaka yenye watu wanaamini, parokia ao mwami, na kazi moja yenye watu waliihitaji kweli.

Mtu ataniuliza: na wakifunga intaneti yote? Tumeona. Tarehe 31 Disemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima karibu siku 20. Siku kama zile, Mastodon na WhatsApp zinalala pamoja. Kuna programu kama Briar yenye inapitisha ujumbe kutoka telefone hadi telefone kwa Bluetooth, bila intaneti na bila seva, ila watu wawe karibukaribu. Inafaa kwa kambi ao kwa mkutano. Haiwezi kufika Goma peke yake.

Basi, tufanye nini? Neno langu ni moja: WhatsApp ibaki soko, daftari lirudi nyumbani. Sokoni mtu anasalimia, anauliza bei, anatangaza kilio na ndoa. Hakuna mwenye anaenda kutandaza hati za shamba sokoni. Ninaleta mapendekezo manne, komite iyapime.

Moja. Daftari la familia na la mashamba liandikwe kwenye karatasi, likae katika sanduku la kufuli tatu, na nakala moja ikae mahali pengine penye mkutano utachagua. Katika nakala ya kutembea nayo, familia iwe na namba badala ya jina. Orodha yenye kuunganisha namba na jina isitoke sandukuni.

Mbili. Kikundi cha WhatsApp kiwe na maadministratere watatu, na mmoja awe mama. Kila mwisho wa mwezi wasome namba zote, na namba yenye hakuna mtu anaweza kuitambua itoke. Ujumbe uwekewe mpangilio wa kujifuta wenyewe. Picha ya mtu mbele ya shamba lake isiwekwe kabisa. Na orodha zenye ziko ndani leo zifutwe na kila memba katika telefone yake, juu kilichotumwa zamani hakitoki chenyewe.

Tatu. Watu saba wa komite peke yao wajaribu miezi mitatu kuongea mambo ya siri kwa Delta Chat. Nachagua ile juu inatembea kwa njia ya barua pepe, inakula mega kidogo, haiombi namba ya telefone, na seva tunaweza kuchagua wenyewe. Siku moja tukichoka na seva hii, tunaenda kwa nyingine na tunaendelea kuongea na watu walewale. Kisha miezi mitatu komite itatuambia imesaidia ao imesumbua. Kama imesumbua, tunaacha, bila haya.

Ine. Tusiote seva yetu ya Lushebere leo. Tuifikirie siku yenye tutakuwa na vijana wawili wenye wamejifunza kuilinda, na umeme wa kuaminika. Mbele ya hapo itakuwa sanduku bila kufuli.

Sasa neno kwa wafadhili. Wandugu, nyinyi pia mnashika ufunguo mmoja. Wakati mradi unaomba orodha ya majina pamoja na picha za sura, itumwe haraka kwa WhatsApp kabla ya saa kumi, ni sisi watu wa tereni tunaituma, na daftari linatoka sandukuni kupitia mkono wetu. Tunaomba mpokee namba badala ya majina. Anayetaka kuhakikisha, afike hapa, sanduku litafunguliwa mbele ya watu watatu, asome kwa macho yake. Tunaomba pia mkubali ripoti bila sura za watu. Na kama mnataka kusaidia mtandao, msituletee aplikasio yenye jina la mradi, yenye inakufa siku mradi unaisha. Lipieni masomo ya vijana wawili, paneli ya jua, na daftari nzuri zenye kifuniko kigumu.

Wamemba, maswali yenu yako na nguvu kuliko maneno yangu. Kwa mkutano ujao, kila mtu aje na telefone yake, aangalie vikundi vyake vyote, ahesabu watu wangapi ndani hawajui. Ile hesabu njo tutaanza nayo.