Kisigino Kisichofikiwa na Damu

Leo twasema juu ya kuwauguza wazee wetu walalao kitandani muda mrefu.

Sisi tulimwuguza nyanya yetu, mwenye kisukari. Siku moja tuliona kisigino chake kimekuwa cheusi, na juu yake pana gamba kavu, gumu. Kwa upendo wetu tukachemsha maji, tukitaka kulilowesha gamba lile na kulibandua, ili kidonda kiwe safi. Tena mguu ulikuwa baridi, nasi tukatayarisha chupa ya maji moto.

Mwuguzi aliyekuja kututazama alituzuia. Kabla ya kugusa kidonda aliweka vidole juu ya mguu, akitafuta mapigo ya damu. Hakuyapata. Akatuambia, "Kidonda hupona kwa damu, na hapa damu haifiki vizuri. Mkilibandua gamba hili mtawafungulia vijidudu mlango, wala mwili hauna nguvu ya kuufunga."

Ndipo akatufundisha. Gamba likiwa kavu, limeshika, bila wekundu, unyevu wala usaha, liachwe. Ni kifuniko chake. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro. Mgonjwa ageuzwe mara kwa mara. Bandeji isikazwe. Chupa ya moto isitumiwe, kwa maana ngozi isiyopata damu huungua upesi, na mwenye kisukari pengine hasikii.

Kisha tukampeleka hospitali. Huko hupima nguvu ya damu kwenye kifundo cha mguu na kuilinganisha na ya mkono. Ya mguu ikiwa chini ya 0.9 ya ile ya mkono, ni dalili kwamba mishipa imekuwa myembamba au imeziba. Mara nyingine madaktari waweza kuifungua. Nyanya alifunguliwa mshipa, na baada ya miezi mingi gamba likaanguka lenyewe.

Lakini gamba likilegea, likinuka au likitoa usaha, usingoje kesho. Mguu waweza kupotea, hata maisha.

Wapendwa, mara ngapi twaharakisha kusafisha yaonekanayo juu, wala hatuulizi ndani pamepungukiwa nini? Usiku huu, kabla ya kumwombea mzee wako na kumfunika, inua blanketi uvitazame visigino vyake.

Kwaherini.