Vifaranga Wanaokufa Usiku

Msikilizaji, vifaranga wa siku tatu wakikutwa wamekufa asubuhi bila kidonda wala kuhara, wengi hulaumu mdondo, au jicho la mtu. Lakini mdondo ukiingia kwenye banda lisilochanjwa hauchagui umri: kuku wakubwa nao hupinda shingo na kuharisha kijani. Wakifa wachanga peke yao, wiki ya kwanza, shuku baridi. Kifaranga mchanga hawezi kujitunzia joto. Anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Wachungulie usiku wa manane: wakirundikana na kulia, wanaona baridi; wakikimbilia pembeni wakitweta, joto limezidi; wakilala wametawanyika, hapo sawa.

Utaniambia mama kuku hulea bila taa wala jiko. Kweli, lakini yeye mwenyewe ndiye jiko, na ukimnyang'anya wanawe lazima uzibe pengo lake. Ukitumia mkaa, acha upenyo wa hewa juu, maana hewa yake ya sumu nayo huua kimyakimya. Nakubali, si kila kifo ni baridi. Kinyesi cheupe kikigandia nyuma ya kifaranga, au ukiona damu kwenye kinyesi kuanzia wiki ya tatu, funga mzoga mbichi vizuri, umpelekee daktari wa mifugo kabla hujanunua dawa yoyote.